Simu yako kuu usiipeleke porini: kifaa cha kusakia hazina kwa bei ya mwanafunzi

Poleni na mitihani, poleni zaidi mnaoandika tasnifu, na nyie mliokwishamaliza acheni kututumia picha mkiwa mmelala saa nne asubuhi, mnatuumiza.

Leo siandiki kuhusu chakula cha kantini wala foleni za karatasi za ukaazi. Nina neno moja tu, na nalisema mapema ili asiyependa maelezo marefu arudi zake kwenye vitabu: ukitaka kucheza jiokashingi bila karatasi, usinunue kifaa kipya cha bei mbaya, na wala usitumie simu yako kuu. Tafuta kifaa cha pili, cha mtumba, cha bei ambayo kikitumbukia kwenye mto Roter Main utasema "kha!" halafu utaendelea na maisha.

Nasema hivi kwa sababu wageni wa mwaka huu wameupenda sana huu mchezo, na kila mmoja anaulizia kifaa. Ushauri wanaopewa huko mabwenini unanitisha. Kuna jamaa aliambiwa kabisa kwamba bila kimashine cha yuro 500 hataona kitu! Jamani, yuro 500? Mwanafunzi huyuhuyu anayenunua mkate jioni unapopunguzwa bei?

Kwa wasioujua mchezo, ngoja nieleze kidogo. Mtu anaficha kisanduku mahali, tuseme chini ya daraja, kwenye shina la mti au nyuma ya jiwe. Halafu anaweka kwenye intaneti namba za mahali pale, yaani latitudo na longitudo, pamoja na maelezo. Wewe unachukua kifaa chenye GPS, unazifuata namba, unatafuta, unaandika jina lako kwenye kidaftari kilichomo ndani na kukirudisha kisanduku palepale. Basi. Hakuna zawadi ya fedha. Ni kama kitendawili, mmoja anatega na mwingine anategua kwa miguu. Faida yake? Unaifahamu nchi ya watu kwa njia ambayo basi la chuo halikupeleki, na kichwa kinapumzika.

Mchezo ulizaliwa Marekani. Tarehe 1 Mei 2000 Rais Clinton alitangaza kwamba serikali yake inaacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya GPS wanayotumia raia. Kabla ya hapo kifaa cha raia kiliweza kukosea hata kwa mita 100. Tarehe 3 Mei bwana mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo nyeusi msituni karibu na Portland, jimbo la Oregon, akatangaza namba zake. Wenzake wakaifuata. Ndiyo asili yenyewe.

Sasa hilo la "bila karatasi". Miaka ile ya mwanzo kifaa cha GPS kilikuwa hakijui kusoma, tuseme hivyo. Ile eTrex ya njano ya Garmin, iliyotoka mwaka 2000, ilikubali jina la mahali lisilozidi herufi sita pamoja na namba zake, kwisha habari. Maelezo, dokezo na maneno ya waliotangulia ulilazimika kuyachapa kwenye karatasi. Visanduku kumi, kurasa ishirini. Mvua ikinyesha umebaki na uji.

Halafu angalieni nani alileta dawa. Watu wa kubana matumizi! Walichukua zile shajara za mkononi za Palm, ambazo watu wa maofisini walikuwa wakiwekea miadi, wakazitia programu kama CacheMate na kupakia humo maelezo yote ya visanduku. Mwaka 2002 Palm walitoa Zire kwa dola 99. Msakaji akawa na GPS mkono wa kushoto na Palm mkono wa kulia, karatasi ikabaki nyumbani. Garmin wenyewe walileta kifaa kimoja kinachofanya kazi zote mbili, kilichoitwa Colorado, mwaka 2008. Yaani makampuni yalikuja nyuma, njia ilikwishachongwa na watu waliotumia walichokuwa nacho. Kwa hiyo mtu akikuambia huu ni mchezo wa vifaa vya ghali, mwambie historia inamkataa.

Haya, tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo panapouma.

GPSMAP 67 ya Garmin ilipotoka mwaka 2023 bei yake Marekani ilikuwa dola 499.99. Chukua yuro 500 kwa urahisi wa hesabu. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara hapa Ujerumani kilikuwa yuro 12.82 kwa saa. Gawanya: saa 39 za kuosha vyombo au kupanga maboksi ghalani, na hapo bado hujakatwa chochote. Ni kama siku tano nzima za kazi. Na sisi wenye viza za masomo kutoka nje ya Umoja wa Ulaya siku zenyewe zimehesabiwa: tangu Machi 2024 sheria inaturuhusu siku 140 nzima kwa mwaka. Unatoa siku tano kati ya hizo kwa ajili ya kutafuta kopo la plastiki porini? Mie kikomo changu ni yuro 50, ambazo ni saa nne hivi. Saa nne naweza kumweleza hata mama akanielewa.

"Lakini cha bei kubwa kinapata mahali kwa usahihi zaidi." Hii nimeisikia mpaka nimechoka. Ni kweli vipo vinavyopokea masafa mawili badala ya moja na ambavyo havibabaishwi sana na miti na majengo. Ila fikirini: namba mnazozifuata nazo zilipimwa na nani? Na mtu mwingine, kwa kifaa chake, siku nyingine, chini ya miti ileile. Kama aliyeficha alikosea kwa mita nane, kifaa chako cha yuro 500 kitakufikisha kwa usahihi mkubwa kabisa mahali pasipo na kisanduku! Mita kumi za mwisho ni za macho, na macho tumepewa bure. Ukifika karibu, weka kimashine mfukoni na ujiulize: ningekuwa mimi, ningeficha wapi?

Sasa wa upande wa pili, wanaosema "mbona nina simu, ya nini kununua kingine?" Hoja yao ina nguvu na siidharau. Simu ya kisasa ina GPS, ina ramani, ina kila kitu. Tatizo langu ni hilohilo, kwamba ina kila kitu. Simu yako kuu ndiyo tiketi ya treni ya kukurudisha. Ndiyo inayopokea namba za siri za benki. Humo ndimo mama anamokupigia Jumapili. Na ndiyo utakayopigia 112, namba ya dharura ya Ulaya nzima, ukiteguka mguu huko Fichtelgebirge. Skrini inayowaka saa tano mfululizo na GPS inayofanya kazi muda wote zinakula chaji kama mchwa. Ongeza baridi. Betri za simu hizi hulegea kwenye baridi kali, na simu inaweza kuzimika ghafla huku ikikuonyesha asilimia ishirini. Saa kumi na moja jioni mwezi wa kumi na mbili hapa ni giza totoro. Mlima Ochsenkopf una mita 1,024, si mrefu ukiulinganisha na milima ya kwetu, lakini ukiwa gizani, peke yako, na simu imekufa, urefu si hoja tena.

Ndiyo maana nasema kifaa kiwe cha pili. Simu kuu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili ipate joto, chaji imejaa. Kile cha pili ndicho kishikwe na kidondoke. Likitokea la kutokea, cha pili kinakupa namba za mahali ulipo, simu kuu inapiga 112, unawasomea. Misituni hapa pia kuna vibao vya sehemu za uokoaji vyenye namba zake. Ukipita karibu na kimoja, kikariri.

Sasa kipi? Kwa fikra zangu kuna njia mbili za bei ya mwanafunzi.

Ya kwanza ni simu ya mtumba isiyo na laini. Wengi hawajui hili: GPS haihitaji laini wala bando. Kifaa kinasikiliza tu setilaiti, bure, iwe Bayreuth au Bagamoyo. Intaneti inachosaidia ni kuharakisha kupata mahali ulipo kwa mara ya kwanza. Bila hiyo unasubiri kidogo mahali pa wazi, dakika chache, labda zaidi kama simu imezimwa kwa muda mrefu. Kwa Android kuna programu ya bure iitwayo c:geo, ambayo inahifadhi maelezo, madokezo na picha za visanduku ndani ya simu, na inatumia ramani za OpenStreetMap ulizopakua mapema. Kama una simu kuukuu kwenye droo, basi umekwishapata kifaa, usinunue kitu! Gharama yako ni pawabanki.

Ya pili ni kile chenyewe cha GPS cha vitufe, lakini cha mtumba. Chaguo langu ni Garmin eTrex 20, ya mwaka 2011. Skrini yake ndogo na haina mvuto wowote, mtu aliyezoea simu ataicheka. Lakini inatumia betri mbili za AA, na mtengenezaji anaihesabia saa 25. Inasomeka juani, vitufe vinabonyezeka ukiwa na glavu, na inavumilia maji: kiwango chake ni mita moja kwa dakika 30. Unaichomeka kwenye kompyuta kwa kebo ya USB, unaingiza faili la GPX, na maelezo, dokezo na maneno ya wasakaji wengine vyote vimo ndani. Ina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, na ramani za OpenStreetMap za kuiwekea zinapatikana bure. Ndugu yake eTrex 10 ya mwaka huohuo nayo inasoma maelezo ya visanduku, ila skrini haina rangi na haina nafasi ya kadi ya ramani. Kama bei ni nusu, si mbaya.

Nichague moja? Haya. Kama utazunguka mjini, Hofgarten, Eremitage na msitu wa Studentenwald, chukua simu ya mtumba. Kama utapanda milima wakati wa baridi, au masomo yako yana kazi ya uwandani, chukua eTrex. Na hapa nawasema hasa ndugu zangu wa jiografia na ikolojia. Kifaa hiki kitarudi nyumbani na wewe. Siku ukiwa kijijini unapima mipaka ya mashamba au visima, umeme hakuna, betri za AA utazikuta kwenye duka la karibu linalouza sabuni na chumvi. Simu itakuomba soketi. Kwa hiyo mchezo unakulipia mazoezi ya kazi, na kazi inakulipia mchezo.

Sasa tahadhari, maana wahenga walisema rahisi ghali, na mtumba una mambo yake.

Ukinunua simu, kwanza hakikisha ina dira. Simu nyingi za bei ya chini hazina, na muuzaji hatakuambia kwa sababu naye hajui. Fungua programu ya dira hapohapo mbele yake, zunguka polepole. Mshale ukiganda, hakuna dira. Bila dira bado utafika, ila mshale utakuonyesha njia ukiwa unatembea tu, ukisimama unapotea. (eTrex 20 nayo iko hivyo. Anayetaka dira ya kweli atafute eTrex 30.) Pili, mwambie muuzaji aondoe akaunti yake kwenye simu mkiwa pamoja. Simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu ni tofali, na asiyeweza kuiondoa huenda hata si mwenye nayo. Tatu, angalia kama betri inadumu, na kama toleo la Android si la kale mno kiasi cha programu kuikataa.

Tena msidanganyike na tableti. Nyingi za Wi-Fi tupu hazina GPS ndani yake, na iPad ya Wi-Fi ni mojawapo. Inaonyesha ramani vizuri chumbani, ukitoka nje inabaki kioo tu.

Ukinunua kile cha vitufe, beba betri zako mbili ukakiwashe mwenyewe. Subiri nje kishike setilaiti. Fungua mlango wa betri, tazama kama kuna kutu. Tazama mpira unaoziba sehemu ya kebo, ukiwa umechanika maji yataingia. Na muhimu kuliko yote, usiuziwe ile ya njano ya zamani kwa kuambiwa "eTrex ni eTrex". Hiyo haisomi maelezo na itakurudisha kwenye karatasi. Njia ya kujua ni kuichomeka kwenye kompyuta: ukiona inafunguka kama flashi na ndani kuna folda ya Garmin yenye folda ya GPX, uko salama.

Kilichobaki ni kazi ya jana yake. Kifaa cha bei ndogo kinafanya kazi vizuri kwa mtu aliyejiandaa, hiyo ndiyo siri. Usiku kabla ya kutoka, ukiwa kwenye mtandao wa bweni, pakua visanduku vya eneo lote unalokwenda, hata usivyovitarajia. Kwenye Geocaching.com wanachama wa kulipia wanaweza kupata visanduku hadi 1,000 kwenye faili moja. Asiyetaka kulipa atazame Opencaching.de, mafaili yake ya GPX ni ya bure, ingawa visanduku ni vichache zaidi. Na mnaweza kushirikiana: mwenye c:geo anahifadhi orodha, anaitoa kama faili la GPX, na mwenye eTrex anaipokea. Pakua na ramani. Kisha zima mtandao wa simu na ujaribu kufungua kisanduku kimoja ukiwa bado kitandani. Kikifunguka na maelezo yake yote, uko tayari. Kisipofunguka, ni heri umejua ukiwa kwenye blanketi.

Kwa baridi, betri za AA za alkali zinalegea upesi. Za lithiamu zisizochajiwa zinavumilia sana ila bei yake imechangamka, hivyo ziwe za akiba. Za siku zote ziwe za kuchajiwa, unanunua nne mara moja na umemaliza. Mwenye simu na pawabanki naye aviweke ndani ya koti.

Na kalamu, jamani, kalamu! Tunasema "bila karatasi" lakini kile kidaftari ndani ya kisanduku ni cha karatasi na kinataka jina lako kwa mkono. Mali bila daftari huisha bila habari, na kisanduku bila saini hukukipata. Nimeona watu wenye vifaa vya mamia ya yuro wakihangaika kuandika kwa kijiti chenye matope. Kalamu ya risasi ni bora, haigandi.

Kuna rafiki yangu tunayebishana kila siku, yeye ana msimamo kwamba kitu kizuri ununue mara moja, kipya, chenye dhamana, na mitumba ni kununua matatizo ya watu. Namheshimu, na kwa viatu vya baridi nakubaliana naye kabisa. Viatu nunueni vipya. Ila kifaa cha mchezo kina tabia moja: hujui kama utaupenda mchezo mpaka umeucheza. Wangapi tumewaona wakianza kwa moto mwezi wa kumi, na mwezi wa pili hata hawautaji? Kifaa cha yuro 50 kikikuchosha unamuuzia mgeni wa muhula ujao kwa yuro 40, na naye anaanza. Cha 500 kitakaa kwenye droo kikikutazama kila unapotafuta soksi.

Kwa hiyo wageni wetu, karibuni mchezoni, na wala msitishwe na wenye vimashine vinavyong'aa. Kopeni simu kuukuu ya mtu kwa wikiendi moja, tokeni, tafuteni visanduku vitatu. Mkiona raha, njooni tutafute mtumba pamoja. Nina betri mbili za AA za kujaribia, nitakuja nazo.

Haya, niishie hapa, kesho nina semina saa mbili asubuhi na bado sijasoma hata ukurasa mmoja. Mwenye uzoefu tofauti aniambie, hasa mwenye kujua pa kupata betri za kuchajiwa kwa bei nafuu hapa mjini.

Alamsiki.